NDEGE WA UFUKWENI WA ZIWA NYASA: NAMNA YA KUWATAMBUA NA KUWAPIGA PICHA BILA YA KUWADHURU

Aghalabu itajwapo habari ya ndege wa ufukweni, fikra za wakaazi wa visiwani huelekea kwenye fukwe za bahari, kama vile za Paje na Mafia. Hata hivyo, ndege wengi wa jamii hiyo huishi pia kando ya maji baridi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Miongoni mwa makaazi yao ni mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, kuanzia mdomo wa Mto Ruhuhu karibu na Lituhi, kupitia Liuli na Mbamba Bay, hadi mpaka wa Msumbiji. Makala hii inawafafanulia wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaokwenda au wanaoishi huko namna ya kuwatambua ndege hao, kuwapiga picha na kuyanusuru mayai yao.

Hali ya mahali

Mwambao huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, yenye makao makuu Mbamba Bay. Msafiri huteremka kutoka milima ya Wamatengo, yenye mashamba ya kahawa na ngoro, kwa barabara ya lami ya kilomita zipatazo 66 kutoka mjini Mbinga. Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kina kinachofikia mita 700. Halina kujaa na kupwa kama bahari, bali maji yake hupanda wakati wa mvua na kushuka taratibu kiangazi. Kwa hiyo, ilhali mpiga picha wa visiwani hufuata saa za maji, wa Nyasa hufuata miezi ya mwaka.

Wenyeji na wageni

Ndege wa mwambao huo wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wenyeji, ambao hutaga papo hapo. Mashuhuri kati yao ni kitwitwi mwenye paji jeupe, mstari mwembamba mweusi machoni na mgongo wa rangi ya mchanga. Hukimbia kwa kasi, husimama ghafla, kisha hukimbia tena. Asichanganywe na kitwitwi mwingine mwenye mikanda miwili myeusi kifuani na duara jekundu kuzunguka jicho.

Kundi la pili ni la wageni wanaohama kutoka Ulaya na Asia, ambao huanza kuwasili mwezi wa Agosti na wengi wao huondoka ifikapo Aprili. Yumo yule anayetikisa mkia bila ya kupumzika anapotembea juu ya mawe ya ufukweni, na wamo wadogo mno, wenye uzito wa gramu zipatazo 25 tu, ambao huzaliwa katika nchi za baridi kali karibu na Ncha ya Kaskazini. Ndege kama huyo akifukuzwa mara kwa mara anapokula hupoteza mafuta anayoyaweka akiba mwilini kwa ajili ya safari ya kurejea.

Ama kuhusu walio adimu, anastahili kutajwa ndege mwenye mdomo mwekundu ambao taya lake la chini ni refu kuliko la juu, anayeruka akiukata uso wa maji ili kunasa samaki. Huyu hupendelea vichanga vya mito mikubwa kama Rufiji. Akionekana kwenye mdomo wa Ruhuhu, picha yake itakuwa na thamani ya pekee.

Hatari iliyojificha mchangani

Yupo ndege mweupe na mweusi, mla kaa, anayefahamika katika fukwe za Zanzibar na Mafia. Yeye hutaga yai lake ndani ya shimo analolichimba mwenyewe katika fukwe za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, na hivyo yai hilo hukaa kivulini. Kitwitwi wa Nyasa hana hifadhi kama hiyo. Hutaga mayai mawili au matatu katika kishimo kidogo mchangani, mahali pa wazi, na huyaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Anapolazimika kuondoka huyafukia nusu kwa mchanga. Rangi ya mayai hayo inafanana na mchanga kiasi kwamba mtu anaweza kuyakanyaga bila ya kujua.

Hapa ndipo ulipo ubaya wa picha inayopigwa kwa pupa. Mtu akikaribia sana, ndege huyaacha mayai. Jua la mchana likiyapiga, kifaranga kilichomo kinaweza kufa katika muda mfupi. Kunguru naye, ambaye huwatazama wanaadamu kwa makini, huweza kufuata nyayo hadi kwenye kiota. Mpiga picha hurudi nyumbani akifurahia kazi yake, ilhali picha hiyo imegharimu kizazi kizima cha mwaka huo.

Utaratibu unaofaa

Wanaokusudia kupiga picha wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Wafike alfajiri. Mwambao wa Ruvuma umeelekea magharibi, hivyo asubuhi jua hutokea nyuma ya mtu anayetazama ziwa na kumwangaza ndege vizuri. Jioni mambo hugeuka, na ndege huonekana kivuli cheusi tu. Katika pwani ya mashariki ya Unguja hali ni kinyume cha hivyo.

(b) Wakae au walale chini mahali pamoja na kumwacha ndege asogee mwenyewe. Subira yavuta heri. Lenzi ya milimita 400 au zaidi hufaa. Asiye nayo anaweza kuweka simu yake kwenye kioo cha darubini.

(c) Ndege akipiga kelele, akiwazunguka, au akijikokota kama aliyevunjika bawa, wafahamu kwamba mayai au vifaranga viko karibu. Warudi polepole kwa njia ile ile waliyojia.

(d) Wasiondoe mchanga wala majani kwenye kiota, wasiguse mayai, wala wasirushe droni juu ya ndege.

(e) Wajitambulishe kwanza kwa Serikali ya Kijiji au kikundi cha BMU, na waombe ridhaa kabla ya kuwapiga picha wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa.

Sheria na wajibu

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamzuia mtu kuwinda au kukamata wanyamapori bila ya kibali, na ndege nao ni wanyamapori. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Katika ukanda huo huo ndimo kitwitwi anamotaga. Aidha, Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kuwahifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliopitishwa mjini The Hague mwaka 1995.

Kwa hiyo picha ina kazi kubwa kuliko kupamba ukuta. Afisa anayeamua mahali pa kujenga mwalo, kuchimba mchanga au kuweka hoteli hawezi kunusuru kiota ambacho hakuna aliyewahi kumwarifu kuhusu kuwepo kwake. Kila picha iandikiwe tarehe, saa, jina la kijiji, idadi ya ndege na walichokuwa wakifanya. Ioneshe mdomo, miguu na, ikiwezekana, mabawa yaliyokunjuliwa, kwani hizo ndizo alama zinazomwezesha mtaalamu kuthibitisha aina ya ndege. Mwezi wa Januari, ambao ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi duniani, unafaa sana kwa kazi hii.

Walimu wa skuli zilizo kando ya ziwa wanaweza kuwashirikisha wanafunzi katika kuhesabu ndege hata bila ya kamera, kwa daftari na kalamu. Taarifa za ndege adimu zipelekwe kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Mahali hasa kilipo kiota pasitangazwe hadharani mpaka vifaranga viwe vimekwisha kuruka.