Juu ya Neva Zisizotulia: Ugonjwa wa Watoto Usio na Jina

Kiswahili kina majina kadhaa ya misukosuko ya mwili wa mtoto. Degedege hufuatana na homa kali; kifafa humpotezea mtu fahamu; pepopunda hukaza taya na mgongo baada ya vijidudu kuingia kidondani. Katika makala hii tunakusudia kueleza ugonjwa wa nne, ulio wa nadra sana kwa watoto, ambao kwa kukosa jina lake huazimwa mojawapo ya hayo matatu.

Mnamo mwaka 1961, daktari Hyam Isaacs wa Afrika Kusini alieleza habari za wagonjwa wawili ambao misuli yao ilichezacheza bila kukoma, hata usingizini. Neva ilipotiwa ganzi, mchezo uliendelea. Ilipotumiwa kurare, dawa inayokata mawasiliano baina ya neva na msuli, ulikoma. Basi chanzo hakikuwa ubongoni wala katika msuli, bali katika neva yenyewe, karibu na ncha zake.

Kila neva ikiisha kupeleka ujumbe, hutulizwa na chembe za potasiamu zitokazo nje kupitia vijilango vyake. Kwa baadhi ya wagonjwa, kinga ya mwili hukosea adui: hutengeneza kingamwili zinazoshambulia CASPR2, protini iliyoshikamana na vijilango hivyo, nayo neva hukosa wa kuituliza. (Wengine huwa na kasoro ya kurithi.)

Hapa neno «mshipa» halitusaidii, kwani ni njia ya damu, ni neva, na kwa wengine ni ngiri. Afadhali tuseme neva.

Mtoto wa namna hii hana homa, na akiulizwa hujibu. Nyama za miguu yake hutambaa chini ya ngozi kama funza. Hutoka jasho jingi. Akifumba ngumi, vidole huchelewa kufunguka. Mzazi aliyeambiwa «kifafa» hupewa karbamazepini, na mtoto hupata nafuu kweli, maana dawa hiyo hutuliza neva pia. Nafuu hiyo ndiyo hulithibitisha jina lisilo lake. Lakini kinga iliyopotoka yaendelea na kazi yake, na pengine yahitaji kutulizwa kwa dawa za kotikosteroidi, imunoglobulini, au kwa kubadilisha maji ya damu. Mzazi anayetaka kujua amweleze daktari jambo moja: je, misuli hucheza hata mtoto akiwa amelala?