Mulango mudogo ndani ya tumbo

Labo kubwa za inje zinatafuta watafiti wenye wamekwisha maliza dokotora, wachunguze milango midogo ya seli yenye kupitisha chumvi. Mutu atauliza: hiyo inatuhusu nini, siye wa machimbo?

Inatuhusu. Huku Katogota, sawa na Uvira, kolera tunaijua. Sumu yake inafanya mulango mumoja wa utumbo, unaoitwa CFTR, ubaki wazi. Chumvi inatoka, maji inafuata, mutu anakauka kwa saa chache. Mwaka 2017, kundi la Jue Chen huko New York lilionyesha umbo la mulango huo kwa binadamu. Ukijua umbo la kufuli, unaweza kutafuta ufunguo.

Lakini njia ingine inabaki nzima: inapokea chumvi na sukari pamoja. Ndiyo maana litre 1 ya maji ya kuchemsha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko ya chumvi, vyote vya kusawazisha, vinamusaidia mugonjwa wakati munamukimbiza kituo cha afya.

Siye wa sendika tunadai maji safi kwenye machimbo. Tudai pia masomo ya sayansi kwa watoto: siku moja kazi ile iombwe na mutoto wa Katogota.