Jaji Asiyeogopa Kufutwa Kazi



Vikundi vingi hufikiri mambo ya majaji ni ya watu wa Nairobi. Hebu tuangalie mfano. Kikundi kina ploti yenye kinu cha kusaga mahindi. Mkubwa mmoja wa serikali anasema ploti ni yake. Kesi inafika kortini. Je, jaji ataangalia hati ya ploti, au ataangalia uso wa mkubwa? Inategemea sana ni nani awezaye kumfuta jaji kazi.

Katika serikali ya kimabavu, anayemwandika jaji ndiye anayemfukuza. Jaji naye ana watoto shuleni. Akijua hukumu moja yaweza kumnyima mshahara, ataogopa hata kama ni mtu mwema. Sisi Wakenya tuliyaona. Mwaka 1988, wakati wa chama kimoja, Bunge lilibadilisha Katiba na kuondoa ulinzi wa kazi ya majaji. Mawakili na viongozi wa makanisa walilalamika, na mwaka 1990 ulinzi huo ukarudishwa.

Katika demokrasia, jaji analindwa na sheria. Katiba yetu ya 2010 inasema:

- Rais huteua majaji waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, si wale anaowataka yeye.
- Jaji hukaa kazini mpaka afikishe miaka 70.
- Mshahara wake haupunguzwi ili kumwadhibu.
- Akikosa, mwananchi yeyote anaweza kumshtaki kwa Tume. Haondolewi mpaka jopo maalum limchunguze.

Matunda tumeyaona. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba. Lakini tusilale. Majaji sita waliopendekezwa na Tume mwaka 2019 walikataliwa na Rais. Waliapishwa Septemba 2022, baada ya Rais mwingine kuingia. Ua lisipokaguliwa, mbuzi huingia shambani.

Tena, woga sio adui peke yake. Kikundi kikichanga pesa za "chai" ili kesi yake ipendelewe, kinauza uhuru ule ule kinachoudai.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Hapa kwetu watu huogopa kumshtaki nani? Kwa nini?
2. Tukiombwa "chai" kortini, tutafanya nini sote pamoja?