Neno "kereszt": msalaba uliochukua jina la Kristo



Tunapotembelea familia, mara nyingi tunasikia: "Pasta, huu ni msalaba wangu." Mama anasema hivyo juu ya mume anayempiga, na mwingine juu ya vita iliyomfukuza shambani kwake. Neno moja la mbali, la huko Hungaria, linaweza kutusaidia kuupima usemi huo.

Kwa Kihungaria msalaba ni "kereszt". Lugha hiyo si ya ukoo mmoja na lugha za majirani zake. Ndugu zake ni Kifini na Kiestonia. Wahungaria walipofika katikati ya Ulaya, mwishoni mwa karne ya 9, walikuta Waslavi, na kwao wakapokea maneno mengi ya kanisa. Mojawapo ni "krst", msalaba. Wakaliongezea vokali ili litamkike, kama sisi tunavyosema "gilasi" badala ya "glasi".

Waslavi nao walilitoa wapi? Katika jina la Kristo mwenyewe! Kristo ni neno la Kigiriki linalotafsiri "Masihi" la Kiebrania, yaani aliyepakwa mafuta (Yohana 1:41). Jina la Mtu likawa jina la mti aliotundikwa. Hata kubatiza, Wahungaria husema "keresztel", kutoka neno hilohilo.

Kiswahili kilipita njia nyingine. "Msalaba" na "sulubisha" vimetoka Kiarabu, katika mzizi mmoja. Vinataja mti na adhabu, havimtaji Mtu.

Fundisho letu halijengwi juu ya asili ya maneno, bali juu ya Maandiko. Lakini "kereszt" inatukumbusha Marko 8:34: msalaba ni wa yule anayemfuata Yesu. Ni gharama ya kumfuata yeye. Basi si kila mateso ni msalaba. Kipigo cha nyumbani ni dhambi ya kukomeshwa. Vita ni uovu wa wanadamu. Kristo yuko karibu na wanaoumia, lakini tusiuvike uovu jina lake.

Wachungaji na wazee wa kanisa, mama huyo akija tena, tusimwambie "vumilia, ni msalaba wako." Tumsikilize, tumtafutie mahali pa usalama, na mume wake tumwite atubu.

Bwana atusaidie.