Ripoti ya Mwanafunzi wa Saikolojia na Amana Iliyomo

Vijana wengi waingiao chuo kikuu kusoma saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, huingia na matumaini ya kufunuliwa siri za moyo: kwa nini mtu hupenda na kuchukia, kwa nini hofu humshika mmoja ikamwacha mwenziwe, na kwa nini mashahidi wawili wa tukio moja husimulia visa viwili. Lakini kabla ya mwaka wa kwanza kwisha hujikuta wamekabidhiwa kazi wasiyoitazamia, nayo ni kuhesabu sekunde, kupanga tarakimu katika majedwali, na kuandika ripoti yenye sehemu maalumu zisizopanguliwa, ambayo mhadhiri huirudisha imejaa wino mwekundu. Hapo manung'uniko huanza, na wengi huiona kazi hiyo kuwa ni adhabu ya makaratasi. Insafu yataka tuitazame upya, kwa maana katika ripoti hiyo ndimo ilimojengwa heshima yote ya elimu hii.

Zamani habari za akili na nafsi zilikuwa mikononi mwa wanafalsafa, waliojadiliana kwa nguvu ya hoja peke yake. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, na wanafunzi waliomiminika huko kutoka nchi mbalimbali wakaanza kupima mambo ambayo hapo kabla yalisemwa tu. Tangu wakati huo, aliyetaka kuaminiwa ilimlazimu aeleze alimpima nani, kwa chombo gani na katika hali gani, ili mtu mwingine, aliye mbali na asiyemjua, aweze kuirudia kazi ile ile na kuona kama atapata jawabu lile lile. Nafsi haionekani kwa macho wala haiwekwi kwenye mizani. Yanayoonekana ni maneno na vitendo vya mwenye nafsi, na msomaji ambaye hakuwapo hana cha kushika ila maelezo ya mtafiti.

Ndiyo sababu, mwaka 1929, wahariri na wasimamizi wa majarida ya saikolojia na anthropolojia nchini Marekani walitoa mwongozo mfupi wa kurasa 7 juu ya namna ya kuandaa makala. Mwongozo huo ulikua ukawa kitabu kinene cha Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ambacho toleo lake la 7 lilitoka mwaka 2019, nacho hufuatwa hata katika vyuo vyetu vya Afrika ya Mashariki. Kwa mujibu wa desturi hiyo ripoti huwa na ikisiri, utangulizi, njia, matokeo, mjadala na marejeo, na kila sehemu hujibu swali lake: kwa nini umeuliza, umefanyaje, umeona nini, na uliyoyaona yana maana gani.

Tuchukue mfano mmoja usiochoka kurudiwa madarasani. Mwaka 1935 John Ridley Stroop alichapisha majaribio yaliyotokana na tasnifu yake ya uzamivu katika chuo cha George Peabody, mjini Nashville, Marekani. Alichukua majina ya rangi tano, nyekundu, buluu, kijani, hudhurungi na zambarau, akayapiga chapa kwa wino usiolingana na jina lenyewe, jina la nyekundu kwa wino wa kijani na la buluu kwa wino wa zambarau, hadi maneno 100 yakaijaza karatasi. Katika jaribio moja aliwataka wanafunzi 100 wataje rangi ya wino bila ya kujali neno limeandikwa nini. Kisha akawalinganisha na nafsi zao wenyewe walipotaja rangi za miraba mitupu isiyo na maandishi. Miraba 100 iliwachukua wastani wa sekunde 63.3, maneno yaliwachukua sekunde 110.3. Mtu aliyezoea kusoma hawezi kulitazama neno asilisome, na neno hilo analolisoma bila ya kutaka humgonganisha ulimi.

Mwanafunzi wa Nairobi au wa Dar es Salaam anayelirudia jaribio hili hawezi kutosheka kuandika kwamba watu walipewa maneno ya rangi wakayasoma. Katika sehemu ya njia hana budi kubainisha washiriki walikuwa wangapi, umri wao na namna walivyopatikana; kama alihakikisha kwamba hakuna asiyetofautisha rangi; maneno yaliandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na washiriki wamezoea zaidi kusoma kwa lugha ipi; maagizo aliyoyatoa yalikuwaje; saa ilianza kuhesabu wakati gani; na aliyekosea aliachwa aendelee au alitakiwa ajisahihishe. Aeleze pia nani alianza na karatasi ipi, jambo ambalo laonekana dogo ilhali laweza kuibomoa kazi nzima. Maana ikiwa wote walianza na miraba na kumalizia kwa maneno, mpinzani atasema kwamba walichelewa kwa sababu ya uchovu. Na ikiwa wote walianza na maneno, atasema kwamba waliharakisha mwishoni kwa sababu ya mazoezi. Dawa yake ni kuwagawa, nusu waanze na hii na nusu waanze na ile, kisha kuliandika hilo bayana ili mpinzani akose pa kushika.

Matokeo nayo yana adabu yake. Hapo huandikwa yaliyoonekana tu, wastani na kiasi cha kutawanyika kwa alama, bila ya sifa wala tafsiri. Hapo pia ndipo mwanafunzi hukutana na kipimo kinachowasumbua wengi, kilichoenezwa na Mwingereza Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925: kwamba lau kusingekuwapo tofauti yoyote ya hakika, je, tofauti kubwa kama hii au zaidi ingetokea kwa bahati tu mara ngapi katika mia? Ikiwa ni chini ya mara 5, desturi ni kuihesabu kuwa ya kutegemewa. Kipimo hiki hakithibitishi kwamba nadharia ya mwanafunzi ni kweli, wala hakisemi kwamba tofauti ni kubwa au ina faida. Na mwenye kukisoma hivyo amekibebesha mzigo usio wake.

Na hapa ndipo tamaa hujitokeza. Mwanafunzi aliyetarajia tofauti asiipate huona haya, akadhani kazi yake imeharibika. Basi huanza kuwaondoa washiriki wawili watatu waliomharibia hesabu, au hugeuza swali lake la mwanzo lifanane na jawabu alilolipata mwisho, akajitia kana kwamba alilijua tangu zamani. Mwaka 1998 Norbert Kerr, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika makala mahususi kuonya juu ya tabia hii ya kutunga nadharia baada ya matokeo kujulikana, naye hakuwa akiwaonya wanafunzi peke yao. Ukubwa wa hatari ulidhihirika mwaka 2015, pale kundi kubwa la watafiti wa nchi nyingi lilipotoa habari za kurudiwa kwa tafiti 100 zilizochapishwa mwaka 2008 katika majarida matatu yenye heshima. Asilimia 97 ya tafiti za asili zilikuwa zimedai kupata tofauti ya kutegemewa. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoipata. Si lazima wote hao wawe walidanganya, kwani kuna na bahati mbaya, idadi ndogo ya washiriki, na majarida yaliyokuwa yakipenda habari za ushindi na kuzitupa nyingine. Lakini somo li wazi kwa kila ashikaye kalamu.

Turudi kwa Stroop tuone mfano wa kinyume. Makala yale ya mwaka 1935 yana jaribio jingine, ambamo wanafunzi 70 walisoma maneno yenyewe, mara yakiwa yameandikwa kwa wino mweusi, mara kwa wino wa rangi isiyolingana. Muda ulikuwa sekunde 41.0 na sekunde 43.3, tofauti ndogo ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa si ya kutegemewa. Hakuificha; na lau angeificha tusingejua nusu ya ukweli, kwamba neno huizuia rangi ilhali rangi hailizuii neno kwa nguvu hiyo.

Wala isidhaniwe kwamba wajibu huu ni wa wenye saa na majedwali tu. Mary Ainsworth alikaa Uganda katika miaka ya 1954 na 1955, akizitembelea nyumba za kina mama 26 karibu na Kampala kuangalia jinsi watoto wao 28 walivyojenga mapenzi na mazoea nao. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1967 hakikuwa na hukumu tupu, bali tafsili ya mama na mtoto katika maisha yao ya kila siku, kiasi cha msomaji kuweza kupima mwenyewe kama hukumu ya mwandishi inafuata yale aliyoyaona. Sehemu ya marejeo hufanya kazi ya jinsi hiyo hiyo: kama wanachuoni wa Hadithi walivyotaja isnadi, nani kapokea kwa nani, ndivyo mwanafunzi anavyotaja kila fikra ilikotoka, ili asiyeamini aifuate mpaka chanzoni.

Mbali na haki ya msomaji, iko haki nyingine pia, nayo ni ya washiriki wenyewe. Utafiti hauanzi kabla ya ruhusa ya wenye mamlaka, iwe ni kamati ya maadili ya chuo, au, kwa kazi zinazohitaji kibali cha taifa, tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya. Mshiriki hueleweshwa, hutoa ridhaa, huweza kujitoa apendapo, na jina lake halitajwi katika ripoti.

Kwa mwanafunzi aliyeketi mbele ya karatasi tupu, ushauri ni huu: anza na njia, siku ile ile ya jaribio, kumbukumbu ingali mbichi, fuatia na matokeo, kisha utangulizi na mjadala, ikisiri iache mwisho kabisa, kwa kuwa huwezi kufupisha ambacho hakijaandikwa. Usiseme umethibitisha ikiwa umeona dalili tu. Na kama hukupata ulichokitarajia, liandike hilo kwa maneno yaliyo wazi bila ya kuomba radhi, kwa maana ripoti ya kweli isiyo na tofauti yoyote ina faida kwa elimu kuliko ripoti ya fahari ambayo atakayeirudia kesho atatoka mikono mitupu.