Barabara Itelezayo ni Mahali pa Kazi



Sisi watu wa Carama hatuna theluji. Tuko chini kwenye tambarare ya Imbo, kaskazini mwa Bujumbura, na baridi yetu kubwa ni ile ya alfajiri baada ya mvua ya usiku. Theluji iliyo karibu nasi iko kileleni Ruwenzori, na hakuna anayepeleka mzigo huko kwa baiskeli. Kirundi kina neno urubura, lakini kwa wengi wetu hiyo ni mvua ya mawe, ile inayopiga chai na maharagwe huko mlimani kisha ikayeyuka kabla watoto hawajamaliza kuiokota.

Kwa nini basi ukurasa huu uzungumze juu ya kuendesha baiskeli kwenye barafu? Kwa sababu wapo wafanyakazi wanaokula kwa kazi hiyo, na waliyodai kwa waajiri wao yanawahusu wanyonzi wetu na wachukuzi wa ndizi kuliko mtu anavyodhani.

Tuanze na barafu yenyewe. Katika miji kama Oslo, nchini Norwei, majira ya baridi hushika miezi mingi, na wapelekaji wa vyakula wanazunguka na baiskeli mchana na usiku. Wengine wana baiskeli nyepesi za barabara, zenye matairi ya upana wa milimita 25 au 28. Tairi jembamba namna hiyo, likijazwa upepo mwingi, linagusa ardhi mahali padogo kuliko dole gumba. Katika lami kavu ni raha tupu. Katika barafu ni hatari, na mpira wenyewe nao huwa mgumu kwa baridi na kushika vibaya. Kwa hiyo wazoefu hupunguza upepo kidogo, na wenye uwezo hununua matairi yaliyopachikwa ncha ndogo za chuma zinazouma barafu. Baiskeli nyingine za barabara hazina hata nafasi ya kupitisha tairi la namna hiyo kati ya uma na breki.

Tena barafu si ya aina moja. Ile ya baridi kali sana hushika kidogo. Mbaya zaidi ni ile inayoanza kuyeyuka na kufunikwa na maji membamba juu yake. Hapo mpanda baiskeli hafungi breki ya mbele ghafula, halali upande anapokata kona, na mwendo anaupunguza akiwa bado katika mstari ulionyooka. Chumvi wanayomwaga barabarani ili kuyeyusha barafu nayo inakula mnyororo, na mnyororo huo mtu anaununua kwa mshahara wake.

Sasa tazama upande wetu. Barabara ya taifa namba 1 inatoka Kamenge, jirani zetu, na kupanda mpaka Bugarama. Ni mwendo wa kilomita kama 35, na katika mwendo huo unatoka mita 800 hivi juu ya bahari mpaka zaidi ya 2,000. Kila mmoja wetu amewaona vijana wanaopanda wakiwa wameshika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, na wanaoteremka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa hata mtu haonekani, ni mzigo tu unaokuja. Kwa sheria, kushika lori ni kosa. Kwa tumbo, ni njia ya kufika juu kabla jua halijawa kali. Sitaki kuwahubiria hapa. Polisi wanatosha kwa kazi hiyo.

Nataka kusema juu ya mteremko wakati wa mvua. Mvua ya kwanza ya Septemba au Oktoba ndiyo inayoangusha wengi, na sababu yake inajulikana. Miezi yote ya kiangazi lami imekunywa mafuta ya malori, vumbi na unga wa matairi. Maji machache yakishuka, vitu hivyo huelea na kuwa kama sabuni. Mvua ikinyesha sana kwa muda, huoshwa na barabara hushika tena. Kwa hiyo robo saa ya kwanza ni ya kungoja chini ya paa, hata kama mnunuzi anapiga simu. Halafu kuna tope jekundu linaloburutwa na magurudumu pale njia za udongo zinapoingia kwenye lami, mara nyingi katika kona.

Na breki je? Baiskeli nzito tunazotumia kwa mizigo nyingi zina rimu za chuma chenye kung'aa. Chuma hicho kikilowa, raba ya breki inateleza juu yake, na gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla maji hayajafutika na breki haijaanza kushika. Mwenye mzigo wa kilo mia moja hana nafasi ya kungoja hayo mbele ya kona. Ndiyo maana wazee wa kazi hii hugusa breki kidogokidogo njiani ili rimu isikae na maji, na ndiyo maana unaona wengine wameweka soli ya kandambili kwenye tairi la nyuma. Watu hucheka kandambili hiyo. Mimi sioni la kuchekesha: ni mfanyakazi aliyejitengenezea kinga ambayo mwenye mzigo hakuinunua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mchukuzi analipwa kwa safari. Akingoja mvua ipite, anapoteza safari. Tairi likiisha meno, ni lake. Raba za breki ni zake, koti la mvua ni lake, na akivunjika mguu, mguu ni wake. Mwenye ndizi anapokea ndizi. Ukimwambia kijana kama huyo "nenda polepole" bila kugusa malipo, umemwambia apunguze chakula cha watoto.

Wapelekaji wa Oslo walikuwa na hesabu iyo hiyo. Kampuni iliwapa koti la rangi na kazi, lakini baiskeli, nguo za baridi na simu vilikuwa juu yao. Mwaka 2019 wafanyakazi wa Foodora walio wanachama wa Fellesforbundet, chama kikubwa cha wafanyakazi nchini humo, waligoma kwa muda wa wiki tano, Agosti na Septemba. Waliegesha baiskeli na kufungua duka lao la kutengeneza baiskeli za watu, ili wananchi wawajue. Mwishoni mwa Septemba walipata mkataba wa pamoja, na ndani yake mna fidia kwa vifaa vyao vya kazi. Mwaka 2021 wenzao wa Swedeni nao wakapata mkataba kupitia chama cha wafanyakazi wa usafirishaji. Barafu haikupungua, ila sehemu ya gharama yake ilihama mfuko.

Wapo watakaosema: hao wana mwajiri, wachukuzi wetu hawana. Ni kweli kwamba kumtafuta mwenye mzigo ni kazi. Leo ni huyu, kesho ni yule. Lakini Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Juni 2022 mkutano wa shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi, ambazo nchi zote wanachama zinapaswa kuziheshimu. Na Pendekezo namba 204 la mwaka 2015 linawataja hasa wale wanaofanya kazi nje ya mikataba iliyoandikwa. Mwaka huohuo wa 2022, mwezi Machi, baiskeli na pikipiki zilizuiwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura, na sababu iliyotajwa ilikuwa usalama. Kama usalama unatosha kumwondoa mtu barabarani, unatosha pia kumnunulia raba za breki.

Katika mazungumzo yetu na wanunuzi wa ndizi upande huu wa kaskazini hatukuomba makubwa. Tuliomba mambo matatu: raba za breki kabla ya mvua kuanza, koti la mvua moja kwa kila mchukuzi wa kudumu, na malipo yasikatwe kwa aliyechelewa kwa sababu ya mvua. Mnunuzi mmoja amekubali raba na koti. Juu ya malipo anasema atafikiri. Wa pili aliuliza kama sasa tutamdai na viatu. Tumemjibu kwamba viatu vimo katika orodha ya mwaka ujao.