Maji ya Tanganyika Ndani ya Pisini

Chota maji ya Ziwa Tanganyika kwenye ufuko wa Rumonge, uyatie katika kijichupa cha kupimia bwawa la kuogelea, kisha udondoshee dawa ya fenoli nyekundu. Maji ya bwawa lililotunzwa vizuri hupata rangi ya chungwa iliyokolea. Haya ya ziwani huiva papo hapo, yakawa mekundu ya kuelekea zambarau, yakaipita rangi ya mwisho kwenye kibao cha kulinganishia. Vibao vingi huishia pH 8.2 au 8.4, ilhali uso wa ziwa huwa kati ya 8.6 na 9.2. Macho hayawezi tena kukuambia umefika wapi.

Mtunza pisini wa pwani hii ya Burundi, kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac, hukutana na rangi hiyo kila anapomwaga sehemu ya maji na kujazia mapya kwa pampu kutoka ziwani. Maelekezo yaliyobandikwa kwenye ndoo za dawa hayamsaidii sana, kwa sababu yaliandikiwa maji ya namna nyingine. Naamini anayejua kilichomo ziwani kabla ya kufungua ndoo yoyote ataokoa pesa, vigae na macho ya watoto wanaoogelea.

Kemia ya ziwa hili ni ya kale. Mto Rusizi huleta maji ya Ziwa Kivu, na Kivu hupokea chumvi za miamba ya volkano za Virunga: magnesiamu, sodiamu, potasiamu, na bikaboneti nyingi. Mkondo huo ulianza kumiminika Tanganyika yapata miaka 10,000 iliyopita. Ng'ambo ya pili, Kalemie, Mto Lukuga hutoa kiasi kidogo tu. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Ndiyo maana alikali, yaani uwezo wa maji kumeza asidi kama godoro linavyomeza ngumi, imefika takriban miligramu 320 kwa lita, ikihesabiwa kwa kipimo cha kaboneti ya kalsiamu. Bwawa la kuogelea linatakiwa kuwa na 80 hadi 120. Mito inayoshuka Rumonge kutoka milima ya Bururi ina maji laini yenye chumvi chache, na mwenye bomba la mlimani ana kazi nyepesi zaidi.

Kwa nini basi kumwaga? Mara nyingi chanzo ni vidonge vya klorini. Kila kidonge cha trikloro huacha majini asidi sianuriki, inayoikinga klorini isiharibiwe na jua. Ikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita, inasaidia. Ikipita 100, huishikilia klorini hata ikachelewa mno kuua vijidudu. Haivukizi, wala kichujio cha mchanga hakiikamati. Njia iliyo ndani ya uwezo wa wengi ni kupunguza maji.

Kupunguza, si kumaliza. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024, likafurika Gatumba na Kibenga na kuwahamisha watu wa Rumonge, maji ya chini ya ardhi nayo yalisogea juu ufukweni. Bwawa tupu la zege likizungukwa na udongo uliolowa husukumwa kutoka chini, sakafu ikapasuka au bwawa zima likainuka. Theluthi moja kwa awamu inatosha, na kabla ya hapo ni vizuri kuchungulia kisima kilicho jirani kuona maji yake yamesimama kimo gani.

Sasa hesabu. Chukua bwawa la mita 50 za ujazo lenye alikali 90. Ondoa theluthi, jazia maji ya ziwa. Alikali inapanda hadi 167 hivi, na pH inaburutwa juu pamoja nayo. Ili kuishusha alikali kwa miligramu 10 katika bwawa la ukubwa huo, inahitajika karibu lita moja ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 32. Kufika 100 ni takriban lita 6.5. Zisimwagwe kwa mkupuo. Lita moja au moja na nusu, iliyopunguzwa kwanza ndani ya ndoo ya maji (asidi iingie majini, kamwe maji yasimwagwe juu ya asidi), pampu ikizunguka, kisha kusubiri saa kadhaa na kupima upya. Baina ya awamu, pH itajipandisha yenyewe, kwani asidi hugeuza bikaboneti kuwa kaboni dioksaidi, nayo hutoroka hewani. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani dawa ni mbovu. Ukweli ni kwamba kazi inaendelea: alikali imeshuka, na haitarudi kwa sababu ya kupoteza gesi. Ukielekeza mdomo wa bomba juu ili maji yarukeruke, gesi hutoka upesi zaidi.

Haraka ya kutia klorini izuiwe mpaka pH ishuke kati ya 7.2 na 7.8. Klorini majini ina sura mbili, na inayoua vijidudu kwa kasi ni asidi hipokloro. Katika maji yasiyo na asidi sianuriki, kwenye pH 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini iko katika sura hiyo, kwenye 7.5 ni nusu hivi. Kwenye 9 hubaki asilimia tatu tu. Jambo hili linavuka ukuta wa bwawa. Pwani ya Rumonge imezoea kuzuka kwa kipindupindu, na familia nyingi hutibu maji ya ziwa kwa klorini nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa angalau nusu miligramu ya klorini huru kwa lita baada ya dakika 30 unadai pH iwe chini ya 8. Maji yaliyochotwa ziwani moja kwa moja yako juu ya hapo, hivyo yanahitaji muda mrefu zaidi na kupimwa kwa makini. Hilo lingefaa kusemwa kila penye kugawiwa chupa za dawa.

Kisha kuna kalsiamu, na hapa ziwa linadanganya hata mtu mwangalifu. Karatasi ya kupima ugumu wa jumla itaonyesha karibu 190, mtu akaridhika. Lakini sehemu kubwa ya ugumu huo ni magnesiamu. Kalsiamu yenyewe ni takriban miligramu 10 kwa lita, sawa na ugumu wa 25 tu, kwa kuwa ziwa limeshaitumia: imeganda kuwa ukoko mweupe juu ya miamba ya ufukweni, imejenga magamba manene ya konokono. Simenti ya vigae inahitaji kalsiamu, si magnesiamu. Maji yakiwa na pH 9 na alikali 320 hayaidhuru, hata kama kalsiamu ni haba. Ukishaisahihisha pH kuwa 7.4 na alikali kuwa 100, na kuiacha kalsiamu ilivyo, maji yale yale huwa na njaa, yakaanza kuilamba simenti. Hesabu aliyoichapisha Wilfred Langelier wa California mwaka 1936 inaonyesha mgeuko huo waziwazi: kutoka karibu 1 juu ya sifuri hadi karibu 1 chini yake.

Katika bwawa letu la mfano, ikiwa ugumu wa kalsiamu ulikuwa 250, sasa umebaki 175 hivi. Kilo tano na nusu za kloridi ya kalsiamu ya asilimia 77 zinarudisha pengo. Zitiwe baada ya asidi. Ukizitanguliza, kalsiamu hukutana na kaboneti, maji yakageuka meupe, na kichujio kikashinda siku nzima kikimeza chokaa uliyoinunua. Mwenye subira anaweza kuacha vidonge na kutumia klorini ya unga, yaani hipokloriti ya kalsiamu: kila miligramu 10 za klorini yake huleta 7 hivi za ugumu, bila asidi sianuriki hata chembe. Ila unga huo na vidonge visikutane kamwe, hata kwenye kijiko kimoja au kifaa kimoja cha kutilia. Vikichanganyika huwaka moto au kulipuka.

Yapo pia maji yaliyomwagwa. Kwa mpangilio wa kazi yalipaswa kutangulia haya yote, nami nayaweka hapa kwa kuwa hayasemwi kabisa. Ndagala na mukeke wanaoshushwa Rumonge ndio kitoweo na kipato cha watu wengi, na ziwa lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao wasiopatikana penginepo duniani. Klorini huunguza matamvua yao hata ikiwa kidogo mno. Siku kadhaa kabla ya kumwaga, acha kutia klorini, na kwa kuwa asidi sianuriki huichelewesha kufa juani, thiosulfati ya sodiamu itamaliza iliyosalia. Kipimo kisome sifuri ndipo bomba lifunguliwe, na maji yaelekezwe kwenye nyasi zilizo mbali na mtaro unaoteremka ziwani.